Kanda ya Kumi

Ilianza na harufu ya mdomo.

Mshonaji alifungua mlango wa chumba cha nyuma asubuhi, ufagio mkononi na matusi tayari ulimini, akakutana nayo pale pale kizingitini: harufu ya mdomo wa mtu aliyelala bila kupiga mswaki, nzito, yenye joto, kana kwamba kuna mtu amesimama mbele yake akimhemea usoni. Hakukuwa na mtu. Mumewe alishatoka kwenda kazini, dirisha limefungwa, na ndani mlikuwa na zile takataka tu.

Takataka ndilo jina alilozipa yeye. Zilikuwa mashine za gemu, zile za kuchomekwa kwenye televisheni, za kijivu, zimebonyea katikati kama kiatu kilichokaliwa, zimepangwa ukutani tangu sakafuni hadi karibu na dari, kila moja na padi zake mbili zilizoviringishwa waya kwa mapenzi ambayo mshonaji hakukumbuka mara ya mwisho aliyapata lini. Chumba hicho aliahidiwa yeye. "Hapa utaweka cherehani yako," mumewe alimwambia walipohamia, na akaapa. Cherehani mpaka leo ilikuwa sebuleni, imebanwa kati ya kochi na meza ya kulia, na wateja walijaribu nguo nyuma ya pazia la jikoni. Anayetaka kuijua hasira ni nini, na ampime bibi harusi mnene nyuma ya pazia la jikoni, mchuzi ukichemka pembeni yake.

Mumewe alikuwa fundi friji. Mganga hajigangi, na friji ya kwake haikuwahi kugandisha maji. Mtaani walimwita Tisa, kwa sababu mashine yake kipenzi ilitoka na gemu tisa tu, na hakuweza kukaa na mtu bila kumsimulia zote tisa. Iliingia madukani yeye akiwa mtoto, ikakaa kitambo, watu wakaisusa. Watoto wote wa mtaa walikuwa na mashine nyingine, ile iliyopendwa, yenye gemu tele. Baba yake alimnunulia hii kwa kuwa ndiyo iliyoshushwa bei. Wenzake walikuja mara moja, wakaitazama, wakacheka, hawakurudi tena. Basi akawa anacheza peke yake, mkono huu padi hii, mkono huu padi ile, mpaka akaota ndevu.

"Hawakuipa nafasi!" alikuwa akisema, mishipa ya shingo imemsimama. "Rangi nzuri, sauti nzuri, kila kitu kizuri. Watu walifuata mkumbo tu. Kampuni ikafa, mashine zikatupwa, na hakuna hata mmoja aliyeona haya."

"Na mimi nitapewa nafasi lini?" mshonaji aliuliza. "Au mpaka na mimi nishushwe bei?"

Tisa hakucheka. Kwa habari za mashine ile hakuwa na mzaha hata kidogo.

Kipenda roho hula nyama mbichi. Kila duka la mitumba alilipekua, kila stoo ya mtu aliyehama aliiingia, na kila mashine mbovu aliyoikuta aliibeba. Mwisho, siku moja kabla ya asubuhi ile ya harufu, akaipata kanda ambayo wakusanyaji wenzake waliisimulia bila ya yeyote kuwahi kuiona: gemu ya kumi, iliyotengenezwa kisha ikazuiwa isiuzwe. Ilikuwa ndani ya kiboksi chake, haina picha wala jina, imesahaulika kwenye rafu ya juu ya duka lililokuwa likifungwa. Alirudi nayo nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Haikuwaka. Sasa, mashine zile zilikuwa na ugonjwa wao, na dawa yake kila aliyewahi kuimiliki aliijua bila kufundishwa: unachomoa kanda, unaisogeza mdomoni upande wa meno yake ya shaba, unapuliza, unarudisha. Ikigoma, unapuliza tena, na tundu la mashine nalo unalipuliza. Fuu. Fuu. Tisa aliipuliza kanda ile jioni nzima, na kesho yake akaendelea, mpaka ikawaka.

Kilichotokea kwenye kioo cha televisheni ni chumba kitupu kilichochorwa kwa miraba midogo midogo, na mtu amelala sakafuni, amewapa mgongo.

"Gemu gani hii?" mshonaji aliuliza. "Mbona hafanyi kitu?"

"Bado haijashika vizuri." Tisa alibonyeza padi, wapi. Akachomoa kanda, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akapuliza, akarudisha.

Yule mtu alikuwa ameketi.

Siku zilizofuata Tisa alianza kupungua. Huyu alikuwa mwanamume wa kubeba friji mgongoni ghorofa kwa ghorofa huku anawatania wenye nyumba. Sasa akifunga kamba za viatu anatweta. Hospitali walimpiga picha ya kifua wakasema mapafu safi kabisa. Kazini wakampa mapumziko. Naye, badala ya kupumzika, akajifungia na kanda yake, na kila mshonaji alipopita mlangoni alisikia fuu, fuu, na kati ya fuu na fuu mumewe akikohoa.

"Utakufa kwa ajili ya mdoli!" alimfokea. "Mimi nitawaambia nini watu? Mume wangu kauawa na mashine iliyosuswa hata na watoto?"

"Usiitukane," Tisa alisema kwa sauti ndogo, na akafunga mlango.

Mchana mmoja Tisa alikuwa amelala chumbani, na mshonaji anapinda gauni sebuleni, akasikia fuu kutoka chumba cha nyuma. Mguu ukasimama juu ya pedali. Alidhani mumewe ameamka, akageuka kumtukana, akamwona kwa mlango uliokuwa wazi amelala chali kitandani, macho yamefumba. Fuu. Akainuka, si kwa ushujaa bali kwa hasira, maana hasira zake siku zote zilikuwa mbele ya akili zake, akapita jikoni, akashika kitasa kilichokuwa na joto kama la mkono wa mtu, akasukuma mlango, na ile harufu ya mdomo ikamvaa uso mzima hata akafumba macho, na alipoyafumbua akaona waya wa mashine na waya wa televisheni zote mbili zimelala sakafuni, hazikuchomekwa popote, na kioo kinawaka, na mtu wa miraba amesimama wima amemwelekea yeye, hana macho, hana pua, ana mdomo tu, mraba mweusi unaofunguka na kufumba, na kila mdomo ulipofunguka alimsikia mumewe kule kitandani akivuta pumzi kwa shida, na kila ulipofumba alimsikia mumewe ananyamaza, ananyamaza muda mrefu kuliko mtu anavyopaswa kunyamaza, mpaka mdomo ule upende kufunguka tena.

"Mwanaharamu we!" mshonaji alipiga kelele. "Toka nyumbani kwangu! Shetani usiye na haya!"

Kwa kila tusi mdomo ule ulizidi kupanuka. Aliliona hilo, hakulielewa.

Alitaka kuitupa mashine saa ile ile. Tisa alijikokota hadi mlangoni, akajitanda na mikono yote miwili, machozi ya hasira yakimtoka.

"Ukiitupa, nitupe na mimi."

"Nitakutupa!" mshonaji alisema. "Wallahi nitakutupa!"

Lakini hakumtupa. Alimpigia simu wifi yake, dada mkubwa wa Tisa, na wifi akaja na mganga, mzee mwembamba aliyevaa koti lililomzidi mabegani. Mzee alizunguka chumba kile, akainusa hewa, akasema kwa sauti nene iliyojaa nyumba: "Kimo humu. Na hasira zake si za jana."

"Kitoe, mzee wangu," wifi alinong'ona. "Mdogo wangu anakwisha."

Kila mganga na mtindo wake. Huyu alisoma maneno yake chini chini, kisha akainama juu ya mashine, akakipulizia kile kitu kama alivyowapulizia wagonjwa maisha yake yote. Mshonaji akaikumbuka midomo ya mumewe kwenye kanda.

"Mzee, usipulize!"

Alikuwa amekwisha kupuliza mara tatu. Kioo kikawaka, kikamulika chumba kizima. Mganga akarudi nyuma ameshika koo, akafungua mdomo, na iliyotoka haikuwa tena sauti nene, ilikuwa mnong'ono kama wa karatasi.

"Hiki kinakula pumzi," alisema. "Za mume wako zimo mle. Azichukue. Achomoe kanda, aiweke mdomoni, pale alipokuwa akipuliza, avute."

Tisa alivuta. Alivuta kama mtoto anayenyonya, mashavu yamezama, na kioo kikafifia kikazimika, na rangi ikamrudia usoni mbele ya macho yao. Wifi alilia kwa furaha. Mshonaji naye alilia, ila yeye alilia huku anampiga mumewe makofi ya mgongoni na kumwita mjinga.

Jioni ile ile Tisa alizibeba mashine zote nje bila kuambiwa. Alizibeba tatu tatu, hahemi, akazitupa jalalani na padi zake na waya zake, wala hakugeuka nyuma. Kanda ya kumi aliivunja kwa kisigino. Kisha akaihamisha cherehani mwenyewe, akaiweka chini ya dirisha, mahali pale alipoahidi. Mshonaji alikaa kwenye kiti chake katika chumba chake, akasema moyoni kwamba Mungu si Athumani. Alimsikia mumewe amesimama nyuma yake, akatabasamu.

Harufu ya mdomo ikampita shavuni.

"Nilikaa rafuni," Tisa alisema. Sauti ilikuwa yake, ila ilikuja taratibu, neno kwa neno, kama ya mtu anayesoma. "Walinishika. Walinigeuza. Walinirudisha. Walikuja wengine, walinigeuza, walinirudisha. Kwa nini hamkunitaka?"

Mshonaji alilala kwa jirani. Kulipokucha alikimbilia kwa mganga, akagonga mpaka vidole vikauma. Mzee alifungua mlango kidogo. Sauti haikuwa imerudi.

"Nilikosea, mwanangu. Nilidhani mle mna pumzi zake tu. Kumbe amekivuta na chenyewe."

"Basi kitoe! Wewe ndiye uliyekiingiza, kitoe!"

"Kwa maneno hakitoki. Kwa kupuliza hakitoki. Dawa ya moto ni moto." Alimeza mate kwa uchungu. "Kilichosuswa, kisuse. Usikijibu, usikitazame, usikigombeze. Hasira zako ndicho chakula chake kitamu kuliko vyote, maana mtu hakasirikii kitu asichokijali. Kikikosa hata tusi, kitakwenda kutafuta pengine."

"Na mume wangu?"

"Yumo. Anasikia kila kitu."

"Nimweleze basi, ajue kwa nini simjibu."

"Ukimweleza yeye, umekieleza na chenyewe."

"Na nitajuaje kimetoka?"

Mganga alianza kuurudisha mlango. "Hilo hata mimi silijui," alisema, akafunga mlango.

Mwanamke huyu hakuwahi kunyamaza maishani mwake. Alipenda kwa kufoka, aliomba msamaha kwa kufoka, na mumewe ndiye mtu pekee duniani aliyeielewa lugha hiyo. Sasa alirudi nyumbani, akawa anaweka sahani mezani na kuondoka. Akiulizwa, kimya. Alipovutwa kanga alisubiri iachiwe. Kitu kile kilimbembeleza, kikamwita majina ya faraghani ambayo ni Tisa tu aliyeyajua, kikamtukania mama yake aliyekufa, kikacheka. Yeye alikuwa akishona, damu inamchemka mpaka masikioni, ameuma ulimi ukapata jeraha. Siku nyingine katikati ya kicheko kile alisikia kilio, kilio cha Tisa kabisa, cha mtoto aliyeachwa na wenzake, na hakuinua uso.

Wifi alikuja akaona, akamwita mchawi, akasema anamuua mdogo wake kwa roho mbaya. Hilo nalo halikujibiwa.

Kisha alasiri moja harufu haikuwepo. Mshonaji alivuta hewa kwa pua, taratibu, akanusa vumbi la kitambaa na mafuta ya cherehani basi. Tisa alikuwa ameketi kizingitini mwa chumba, amekonda, ndevu zimemjaa, mikono ameiweka magotini kama mgeni.

"Mke wangu," alisema. "Kimetoka. Nimekisikia kinatoka. Ni mimi."

Cherehani ilikuwa imesimama. Mshonaji alitazama mshono.

"Najua nimekukosea. Chumba ni chako, kila kitu ni chako. Usiponitaka pia ni haki yako, lakini niambie. Niambie hata neno moja." Alishika mwimo wa mlango. "Nitukane basi. Nitukane kama zamani."

Ni Tisa peke yake angeomba kutukanwa. Na ni kile kitu peke yake kingeomba kutukanwa. Mshonaji aliyapima yote mawili, na hasira ikampanda kutoka miguuni, hasira ya mganga, ya kanda, ya watoto wale waliocheka wakaondoka, na zaidi ya zote hasira ya mwanamume huyu aliyemuacha na swali lisilo na jibu. Tusi zuri lilikuwa limeshafika kwenye meno, tamu, limejaa mapenzi. Mtu kizingitini alikuwa ameinua uso, anasubiri.

Mshonaji alilimeza, akainamisha kichwa, akakanyaga pedali.