Feni Iliyonyamaza kwa Jina la Celine

Feni ilianza kulia siku ambayo kompyuta haikuwa na kazi yoyote.

Ilikuwa laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, iliyokaa juu ya kabati la televisheni katika nyumba ya kupanga huko Komarock. Walter Odera, mwalimu wa hesabu katika chuo kimoja mjini, alikuwa ameiwekea Linux na kuifanya seva. Ilihifadhi nyimbo za kwaya ya parokia, na wanakwaya walizivuta kwa simu zao kila walipotaka kufanya mazoezi. Sauti iliyoongoza nyimbo hizo ilikuwa ya mke wake, Celine, aliyezikwa Siaya kabla ya mvua za masika. Kila jioni binti yao Elsie alilala akimsikiliza mama yake kwenye spika ndogo ya chumbani.

Walter alikagua orodha ya programu. Hakuna iliyokuwa ikifanya kazi. Hata hivyo prosesa ilikuwa na joto la kuchoma kidole, na hewa iliyotoka ubavuni mwa mashine ilinuka maziwa yaliyofurika na kuungulia jikoni.

Alimpigia simu Gitonga, rafiki yake anayetengeneza kompyuta Kariobangi.

"Niaje, mwalimu. Hiyo mashine bado inapumua?"

"Inapumua kupita kiasi. Haina kazi na inachemka."

"Ni mzee huyo, bro. Hata shosho wangu akikaa bure lazima alalamike. Fungua, toa vumbi, paka dawa mpya kwa prosesa. Ikikataa, ipunguzie speed. Ikikataa tena, ilete nikuuzie ingine."

Walter alifanya yote hayo, isipokuwa kununua. Alitoa vumbi lililoshikana kama manyoya ya paka, akapaka dawa ya kupitisha joto, akazima mwanga wa kioo, akazima Wi-Fi kwa kuwa mashine ilitumia waya. Aliifunga prosesa isivuke kasi yake ya chini kabisa, kisha akaiagiza diski ilale kila isipoguswa. Kipima-umeme alichokichomeka ukutani kilishuka hadi theluthi ya pale kilipokuwa.

Feni ikaendelea kulia. Haikuvuma kama feni. Ilipanda, ikakatika, ikavuta pumzi, ikapanda tena.

"Huyu ana njaa," alisema Awuor, dada ya marehemu baba yake Walter, aliyekuja kutoka Siaya kumsaidia kulea. Walter alimwita Waya, kama Waluo wanavyomwita shangazi wa upande wa baba. Jumamosi moja alasiri alikuwa ameketi sofani akichambua mboga, na Elsie miguuni pake.

"Ni mashine, Waya."

"Mashine gani inalia ikipumzika kumeza mate? Kwetu mtoto akilia hivi, tunajua kuna mkubwa aliyekufa anataka jina lake. Unamtajia majina. Akinyamaza, umepata." Akaigeukia laptopu, akakunja uso kwa mzaha. "Haya, sema. Wewe ni Obuya? Siyo. Nyar Alego? Siyo. Opondo, ni wewe unatusumbua? Hata ukiwa hai ulisumbua."

Elsie, aliyemwita Awuor Dani, yaani bibi, alicheka hadi akashika tumbo. "Dani, mwambie anyamaze tumpe chapati!"

Walter naye alitabasamu. Kisha, bila kufikiri, akasema kwa sauti ya chini, "Celine."

Feni ikasimama. Haikupungua kidogo kidogo kama kawaida yake. Ilisimama pale pale, katikati ya kilio.

Waya aliweka kisu chini. "Rudisha hilo jina, Walter. Mimi nilikuwa natania na wafu wa zamani, waliokwisha tulia. Usimpe kitu usichokijua jina la mke wako."

"Ni feni tu."

"Kama ni feni tu, mbona unalia?"

Walter aligusa shavu lake, akakuta limelowa. Hakulirudisha jina.

Tangu hapo mashine ilipoa kuliko inavyowezekana. Kipima-umeme kilisoma sifuri, na bado nyimbo zilitoka. Walter aliweka kiganja juu yake, akahisi ubaridi wa chupa iliyotolewa kwenye friji. Jambo hilo halikuwa na maelezo, naye aliacha kuyatafuta. Alizoea kupita karibu na kabati na kusema, "Umeamkaje," kimyakimya, asisikike.

Homa ya Elsie ilianza wakati huohuo. Kliniki walipima malaria, hawakuona. Walipima mkojo, hawakuona. Walitoa dawa ya kushusha joto, na joto halikushuka. Nyumbani Walter aliinama kumfunika, akasikia pumzi ya mtoto ikipanda, ikikatika, ikivutwa, ikipanda tena, na pumzi hiyo ilinuka maziwa yaliyoungua.

Wiki moja baadaye, Jumapili, wanakwaya walipotoka misani, walianza kuvuta nyimbo kwa wingi. Mashine ikapata kazi, ikapata uvuguvugu. Chumbani Elsie akaketi kitandani na kuomba chai ya maziwa. Aliinywa yote. Wanakwaya walipomaliza, mashine ikapoa, na kikombe kikamponyoka mtoto mkononi.

Walter alisimama mlangoni akiangalia sebuleni, kisha kitandani, kisha sebuleni tena.

"Umeona?" Waya alinong'ona nyuma yake.

"Joto halikupotea. Limehama."

"Magan, yule jirani yangu wa zamani, alikuwa akisema jini aliumbwa kwa moto. Umembana huku, umemnyima moto wake, halafu ukamwita kwa jina la mtu wa nyumba hii. Ameingia kama mtu wa nyumba." Alimshika mkono kwa nguvu. "Mrudishie moto wake, avutike. Kisha mnyang'anye jina, kwa kuwa uliyempa ni wewe mwenyewe. Na usitoe kitu humo ndani. Utakachotoa, yeye atatoka nacho."

"Nyimbo zote ziko humo. Sina nakala."

"Najua."

"Waya, ni sauti yake yote niliyo nayo."

"Najua, mwanangu. Na huyu kitandani ni nani?"

Walter alikwenda sebuleni, Waya nyuma yake. Nje, makanisa ya mabati yalikuwa yakishindana kwa vipaza sauti, jua lilikuwa kali, na mtu fulani alikuwa akiosha gari huku akipiga mluzi. Alichomeka flashi na kuanza kunakili nyimbo, akijiambia kwamba ni dakika chache tu. Ndipo chumbani kitanda kikaanza kugonga ukuta.

Hakuzisubiri dakika hizo. Aliiacha flashi humohumo, akaondoa vizuizi vyote alivyoviweka, akaiachia prosesa kasi yake yote, akazima kinga inayoifanya mashine ijizime ikizidiwa na joto, akaiamuru itafute namba tasa bila kikomo, akaziba tundu la hewa kwa taulo, na mashine ikaanza kuvuma, kisha kuunguruma, kisha kulia, na kilio kile kikawa sauti ya mwanamke ikipanda noti ya juu ya wimbo wa matoleo aliokuwa akiupenda Celine kuliko nyimbo zote, ingawa spika ilikuwa imezimwa, safi, bila kasoro hata moja, ikimwita kwa lile jina la utani ambalo hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua, ikimwomba atoe taulo ili ipate kupumua, na Walter, mikono yake ikiungua juu ya plastiki iliyokuwa ikilainika, akasema kwa sauti aliyoitumia kusahihisha hesabu ubaoni:

"Wewe si Celine. Celine alifia hospitalini nikiwa nimemshika mkono. Niliona jeneza likishushwa, nikatupa udongo. Hili jina si lako. Nalichukua."

Sauti ikakatika. Kitu kikapasuka ndani ya mashine, moshi mwembamba ukatoka kwenye kibodi, na kimya kikaingia, kimya ambacho ndani yake mahubiri ya nje yalisikika tena.

Walter alichomoa waya ukutani. Hakuigusa flashi. Alikimbilia chumbani, Waya akimfuata.

Elsie alikuwa amelala chali, macho wazi, paji la uso limelowa jasho la baridi. Pumzi yake ilikuwa ya kawaida, ya mtoto. Walter alimwekea kiganja shingoni na kukiacha hapo muda mrefu, hadi akaamini.

"Baba, kwa nini umeuzima?"

"Nimezima nini, mama?"

"Wimbo. Mama alisema ukiisha tutaenda."

"Mtaenda wapi?"

"Hakusema. Aliniambia tu nikae tayari."

Waya alifunika mdomo kwa mkono. Walter akalishika blanketi na kulivuta taratibu. Miguuni mwa mtoto kulikuwa na viatu vyake vya shule, kamba zimekazwa vizuri, kwa mafundo mawili mawili. Elsie alikuwa bado hajajifunza kufunga kamba.

"Waya, ni wewe uliyemvisha?"

"Nilikuwa nyuma yako sebuleni, Walter. Sijaingia humu."

Akapiga magoti kuzifungua. Kamba zilikuwa bado na joto.