Debe Lililofungwa kwa Nta

Saa tatu asubuhi, siku ya soko la Manyovu mwaka 1975, debe la mawese lililipuka penye kizuizi cha mpaka wa Tanzania na Burundi. Esteri, mkimbizi aliyekuwa akiishi Heru Juu, alikufa palepale. Tangu aikimbie Burundi miaka mitatu nyuma hakuwa amemwona mama yake, na siku hiyo ndiyo waliyoruhusiwa kuonana. Mama alikuwa ng'ambo ya kizuizi. Aliona yote.

Inspekta Tamimu wa Kasulu alimkamata Isihaka, muuza mawese.

"Debe ni lako?"

"Lilikuwa langu, afande. Yakiisha mafuta nawauzia warina asali wa Kibondo."

"Na nta hii?" Tamimu alimwonyesha kipande cha bati la debe lililolipuka, nta imeganda ukingoni.

Isihaka alikitazama kile kipande cha bati. "Mimi naziba kwa majani ya mgomba. Nta ni yao."

Warina asali walikuwa wengi. Tamimu akaenda mpakani kuonana na Luteni Havyarimana wa Burundi. Wakubwa wao walikuwa wamekubaliana kupeana habari, ingawa wao wawili hawakuwa wameaminiana bado. Luteni akatoa kipande chake, kilichookotwa baada ya mlipuko mwingine, katika soko la upande wake. Nacho kilikuwa na nta.

"Aliyeleta debe hilo alikuwa anauza asali," alisema Luteni. "Anachechemea. Pale sokoni hakuna aliyemjua."

"Mimi namjua," alisema Tamimu. "Mrina asali anayechechemea Kibondo ni mmoja tu, Bazilio."

Kwa kibali cha wakubwa wao, wawili hao walikwenda pamoja, wakamkuta Bazilio msituni Kibondo, akikamua masega. Naye alikuwa mkimbizi wa Burundi, na Esteri alimfahamu.

"Bazilio, umemuua Esteri," alisema Tamimu.

Bazilio aliacha kukamua. "Esteri? Sikujua kama atakuwa pale. Niliwalenga maafisa."

"Kwa nini pande zote mbili?"

"Ili kila mmoja amshuku mwenzake, mpigane. Vita vingetufungulia njia ya kurudi kwetu. Nyinyi mmeanza kupatana, afande. Mkishapatana, nani atatukumbuka sisi?"

Tamimu akamtia pingu. Bazilio akamgeukia Luteni, akamsemesha Kirundi.

"Wewe ni wa wapi?"

"Rutana."

Bazilio akamsogelea. "Hata mimi. Mvua imeshanyesha huko?"

Luteni alimtazama Tamimu. Tamimu, ambaye Kiha chake, lugha iliyo karibu na Kirundi, kilimtosha kuelewa, akaitikia kwa kichwa kwamba amjibu.

"Imenyesha," alisema Luteni. "Maharage yamechipua mpaka juu mlimani."

Bazilio akaketi chini na pingu zake.

"Sema tena," akaomba.