Straton Kwenye Mstari wa Akina Mama

— Papa, huu iko mustari ya bamama. Unatafuta nini hapa?

Wanaume waliokaa ukutani wakacheka. Straton akabaki amesimama, simu mkononi, jasho likimtoka. Alikuwa mwanaume pekee kwenye mstari huo mbele ya shule ya Lushebere, walikohifadhiwa waliokimbia mafuriko.

Ujumbe wa mke wake ulikuwa bado wazi kwenye simu:

"Straton, damu ya uzazi haijaisha na sina kitambaa hata kimoja. Ninasikia haya kutoka. Unisaidie."

Yalikuwa maneno ya kwanza ya Laetitia kwake baada ya siku nane. Mvua ilipozidi, alimwomba wahame kutoka kando ya mto. Straton akamjibu anaogopa bure, akaenda zake shambani. Mchana uleule maji yakabeba nyumba. Laetitia alijiokoa peke yake, mtoto wa siku tatu kifuani. Tangu hapo akamnyamazia mumewe.

— Papa, ninakuuliza, akarudia Mama Emérence, mgawaji wa vifaa vya usafi.

— Ninakuja kukamata bitambaa ya bibi yangu. Amezaa, hawezi kutoka.

— Kesho utanyonyesha! mmoja akapaza sauti kutoka ukutani.

Straton akageuka.

— Mungu angenipa maziwa, ningenyonyesha. Bibi yangu njo alitoa mutoto wangu mu maji. Miye sikukuwa pale.

Kicheko kikakatika. Mama Emérence akampa ndoo, sabuni, bidoni ya kuchotea maji na pakiti ya vitambaa.

— Umuchemshie maji, papa. Na damu ikizidi, umulete kwa muganga wa hospitali mbio.

Straton akaazima sufuria, akachemsha maji. Nyuma ya darasa akashikilia turubai kwa mikono miwili, mgongo akimpa mkewe, huku Laetitia akioga taratibu.

— Straton.

— Niko.

— Nilikuchukia.

— Ninajua. Uliniomba, nikakuzarau. Ningekupoteza wewe na mutoto. Unisamehe, Laetitia.

Laetitia akajimwagia maji mengine.

— Siku nane nilikuwa ninajificha na ile nguo moja, akasema. Leo ninajisikia muntu tena. Aksanti, bwana yangu.

Mabega ya Straton yakaanza kutetemeka.

— Usilie, utaangusha turubai, batu banitazame!

Wakacheka wote wawili, Straton huku machozi yakimshuka.

Asubuhi iliyofuata Laetitia alitoka nje na mtoto, nguo yake imefuliwa, akapita kwanza kumshika Mama Emérence mikono yote miwili. Kisha akaketi karibu na mumewe juani.

— Tutajenga wapi? Straton akauliza. Sema weye, miye nitachimba musingi.

Laetitia akanyoosha kidole juu kilimani, kwenye shamba la baba yake mdogo.

— Kule.

— Nitaenda kumuomba leo.

— Tutaenda pamoja, akasema, akamwekea mtoto mapajani.