Dakika Moja ya Leso ya Mama Mghanga

Kifufuasauti, mtambo wa kuamsha sauti zilizolala ndani ya vitu vya kale, kilimaliza kofia, kikaanza tiketi. Tiketi yenyewe ilikuwa kipande cha karatasi kilichochanika, cha tamasha la roki lililofanyika uwanja wa Voi miaka hamsini na miwili iliyopita. Mzee aliyeileta alikuwa ameihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Miale ya buluu ikaipitia, na ukumbi mzima wa Makumbusho ya Muziki ukasikia kijana akipiga mluzi na msichana akimwambia, "Nishike mkono, nitapotea." Mzee akaangua kilio, maana msichana yule alikuwa marehemu mkewe. Karani wa chuma, roboti la makumbusho, akaandika: thamani, daraja la kwanza.

Watu wakapiga makofi. Injinia Wakesho Mwandawiro, aliyehangaika na mtambo ule miaka thelathini, hakupiga. Hakuutengeneza kwa ajili ya mapenzi ya wazee. Aliutengeneza kwa ajili ya mtu mmoja tu, yule aliyeketi kiti cha mbele na shada la maua shingoni: Righa Mwakio, mpiga gitaa mashuhuri, ambaye alasiri hiyo ukumbi ungepewa jina lake.

Siku za mwizi ni arobaini, husema watu. Za Righa zilikuwa zimepindukia mno, na Wakesho hakusamehe hata moja.

Kaka yake Wakesho, Mghanga, alitunga wimbo wa "Vumbi la Reli" siku moja kabla ya tamasha. Siku tatu baadaye pikipiki ikamuua. Matanga hayajaanuliwa, Righa akausajili wimbo kwa jina lake mwenyewe, na dunia nzima ikamshangilia. Wakesho alikuwa na miaka kumi na miwili. Alisema ukweli, akaambiwa mtoto asiingilie ya wakubwa. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ushahidi ulikuwa leso. Katikati ya tamasha mama yao alipanda jukwaani kumtunza mwanawe, kama waimbaji wanavyotunzwa arusini, akamfunika leso mabegani mbele ya vijana wenye jaketi za ngozi. Mghanga akasema kitu kwenye maikrofoni, lakini uwanja ulikuwa umeshalipuka kwa shangwe, zikalimeza neno. Mama alikuwa ameshageuka, haya imemjaa, hakusikia; alipomuuliza, Mghanga alicheka, akaahidi kumwambia siku nyingine. Simu za siku zile zilinasa kelele za umati tu. Tangu hapo hakuifua leso ile, wala hakuacha kujiuliza mwanawe alisema nini.

Sauti hutikisa nyuzi za nguo. Jasho na vumbi vikikauka, hukauka na mtikisiko ule. Miale ya kifufuasauti huuchimbua. Lakini miale hiyo ina ulafi: ikichimbua dakika moja, hutawanya vumbi la dakika zote zilizobaki. Kila kitu husomwa mara moja, dakika moja, basi. Wakesho alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mama yake hakulijua, na Wakesho hakumwambia.

"Utanisikilizisha alivyosema?" Mama Mghanga aliuliza zamu yao ilipofika, akimkabidhi leso. Alikuwa na miaka tisini na minne, na macho yalishamwacha.

"Utamsikia, mama."

Wakesho akausogeza mshale wa mtambo, akaipita ile dakika ya jukwaani, akausimamisha nyuma ya jukwaa, wakati wa mapumziko, leso ingali mabegani mwa Mghanga. Mghanga mwenyewe, kabla ya kufa, alikuwa amemhadithia yaliyotokea pale.

"Mghanga ndugu yangu," ikasikika sauti ya Righa, changa na yenye haraka, "huo wimbo ulioutunga jana, wa Vumbi la Reli, nifundishe kabla hatujarudi. Ubeti wa pili unanitoka."

Mghanga akacheka. "Wimbo wangu utakutoa jasho wewe! Haya, sikiliza." Akauimba.

Ukumbini mtu mmoja akapaza sauti: "Mwizi!" Wengine wakadakia. Karani wa chuma, asiyejua haya wala huruma, akapanda ngazi na kuanza kubandua jina la Righa ukutani, herufi moja moja. Raha iliyoje! Wakesho alitamani abandue polepole zaidi.

"Kaka yangu amelala kaburini bila jina," akamwambia Righa, "nawe umekula jasho lake miaka yote hii. Leo umelipa."

Righa akavua shada, akashika fimbo yake, akaelekea mlangoni.

"Ni yeye," Mama Mghanga alisema, machozi yakimtiririka. "Haya, mwanangu, sasa niwekee pale jukwaani. Pale aliponisemea."

"Mama... imekwisha. Mtambo husoma dakika moja tu."

"Nawe ulijua?"

Wakesho akaanza kuikunja leso.

"Mimi sikuwa na haja na Righa," mama akasema. "Nilitaka neno la mwanangu."

Mlangoni Righa alisimama. "Mama Mghanga, mimi nilikuwa bega kwa bega naye jukwaani. Nililisikia neno lile. Nalikumbuka hadi leo."

Mama akainuka, mikono mbele. "Niambie, mwanangu."

Righa akamtazama Wakesho. "Binti yako amenivua nguo mbele ya watu. Mwambie auulize mtambo wake."

Akatoka. Wakesho akaacha kila kitu, akamfuata mbio.

"Kaka Righa!" Tangu Mghanga azikwe hakuwa amemwita mtu yeyote kaka. "Kaka Righa, nakuomba!"

Mzee yule alikuwa hatua kumi tu mbele yake, akijikongoja kwa fimbo. Hakugeuka.