Sahani ya Dudu la Darini

Kila asubuhi mama aliacha viazi vya kuchemsha chini ya kawa, akafunga mlango kwa kufuli la nje, akakimbilia kiwanda cha nguo. Kiwanda kile kilikuwa na banda la magari ya wakubwa. Chumba cha kulelea watoto wa washonaji hakikuwepo. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Dada, mwenye miaka kumi na mmoja, alibaki ndani na mdogo wake, Bwana Mdogo.

"Msipige kelele," mama aliwaonya. "Darini kuna Dudu. Likisikia sauti ya mtoto, linashuka."

Alitaka tu watu wasijue kwamba wako peke yao. Lakini hofu ya watoto waliofungiwa huumuka kama unga wenye hamira. Leo Dudu lina kwato, kesho lina meno. Dari ilipokwaruzwa, walikumbatiana.

"Tulipelekee kiazi," Bwana Mdogo alinong'ona. "Likishiba halitatutaka sisi."

Dada alipanda mezani, akasukuma sahani kwenye tundu la dari. Kesho yake ilikuwa tupu. Ushahidi gani tena? Wakaongeza viazi, wakaongeza tena, wao wakashindia maji. Mama akirudi hukuta chungu kitupu. "Mnakula vizuri, wanangu!" Dada hutazama dari.

Mchana mmoja Bwana Mdogo alianguka, midomo mikavu, macho yakififia. Nje, karibu kabisa, jirani yao fundi vyuma, mama wa makamo, alikuwa akigonga bati. Kumwita kulihitaji neno moja tu. Dada alifungua kinywa, akatazama juu, akakifumba. Akalia kimya, kama alivyofundishwa.

"Dada," mdogo wake akasema kwa shida, "nipe kiazi changu."

Hakikuwepo. Hapo Dada akapiga ukelele.

Fundi alikata kufuli. Alimnywesha mtoto maji ya sukari kijiko kwa kijiko, akasikiliza habari za Dudu, kisha akachungulia darini kwa tochi.

"Panya hawa! Wamenona kunishinda mimi!"

Hakuna aliyecheka.

Jioni mama alirudi, akaja juu kwa hasira. "Nani kakata kufuli langu?"

"Mimi, shoga. Na ukilirudisha nitalikata tena."

"Ningewaacha na nani? Msimamizi anasema mwenye mtoto abaki naye nyumbani, asirudi kazini!"

"Waache kwenye karakana yangu. Na huyo msimamizi tutamwendea, kina mama wote wa mtaa huu." Fundi akawageukia watoto. "Kosa si lenu. Mtu akiachwa peke yake na hofu, hata panya humwotea pembe. Ila shikeni hili: hatari ikija, pigeni kelele. Anayewaambia mnyamaze amekosea, hata kama anawapenda."

Mama akapiga magoti. "Dudu nililitunga mimi, wanangu. Halipo."

Bwana Mdogo akafikiri. "Basi sasa naweza kulia?"

"Lia, baba."

Akalia kwa sauti yote aliyoificha, mpaka milango ya mtaa mzima ikafunguliwa.