Chui wa Tarehe Kumi na Saba

Mwaka 1954 niliongoza darasa zima kwa somo la historia. Usinipigie makofi: siku ya mtihani tulifika wawili tu, na mwenzangu alikuwa na surua.

Shule yetu ilikuwa Mlandege, pale Iringa. Kila asubuhi, tukishapalilia bustani na kunawa miguu, Mwalimu Silvester alifungua daftari lake akatusomea mambo yaliyotokea zamani tarehe kama ya siku ile. Mfalme kapigwa risasi, meli imezama, mji umeteketea. Tulipenda siku zenye damu. Siku ambayo mtu kavumbua kitu tu, tulipiga miayo.

Mwezi Juni ikatangazwa kwamba fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wetu Wahehe, lililochukuliwa na Wajerumani, litarudishwa kwao Kalenga tarehe kumi na tisa. Lori la kupeleka wanafunzi lilikuwa limebaki na nafasi moja. Mwalimu akasema ni ya yule atakayeleta, kutoka kwa mzee wa kwao, tukio lililoangukia tarehe moja na vita vya Lugalo, Wahehe walipowapiga Wajerumani mwaka 1891, yaani kumi na saba Agosti.

Niliitaka nafasi ile kuliko gauni la Krismasi. Babu yangu, mzee Kalinga, alipigana Lugalo. Alikuwa na kovu la risasi begani, na mkono wake wa kushoto ulipungukiwa na kidole kimoja. Lakini sikumuuliza lolote. Kuuliza kunachukua muda. Kesho yake nikasimama nikasema kwamba tarehe kumi na saba Agosti, miaka mitatu baada ya Lugalo, babu alimuua chui kwa mkuki. Nikaongeza utumbo kumwagika. Nikaongeza chui wa pili. Darasa likanisikiliza midomo wazi.

Rafiki yangu Lea alisema amewauliza wazee watatu, na hakuna aliyeijua tarehe yoyote. Tukamcheka.

Mwalimu hakucheka. Alituma babu aitwe.

Babu alikuja amejifunga shuka lake la mgolole, bibi nyuma na kibuyu cha togwa. Akasimulia Lugalo. Walilala ndani ya nyasi wakisikia kwato za punda wa Wajerumani zikikaribia. Bunduki moja ikalia, wakainuka wote pamoja, na askari wengi hawakuwahi hata kujaza risasi. Mikuki iliingia vifuani, migongoni, kooni. Punda waliojeruhiwa waliwakanyaga watu waliojeruhiwa. Babu alimchoma askari mmoja tumboni, mkuki ukagoma kutoka, na yule mtu akaushika kwa mikono miwili akamwomba maji. Babu angali anavuta, risasi ikapasua bega lake na kuingia usoni mwa kaka yake aliyekuwa nyuma. Kaka hakutoa hata sauti.

Siku hiyo hakuna aliyepiga miayo.

“Na wale chui wawili, mzee?” mwalimu akauliza. “Wa tarehe ile ile?”

Babu akanitazama. “Chui gani? Sisi tarehe tungezipata wapi, mwalimu? Tulihesabu kwa mvua, kwa njaa, kwa nzige. Hata siku aliyokufa kaka yangu, namba yake mmeniambia ninyi.”

Mwalimu akakuna kichwa. Kumbe swali lake mwenyewe halikuwa na jibu. Mimi nililipata langu: viboko vinne, na nafasi ya lori akapewa Lea. Lakini fimbo haikuniuma kama maneno ya babu.

“Mke wangu mdogo,” alisema, maana ndivyo alivyoniita, “siku ile watu walikufa kweli. Ukiwachanganya na chui wako wa uongo, kesho mtoto mwingine atasema hata kaka yangu ni wa uongo. Aliyekufa hana mdomo wa kujitetea. Usimsemee ambalo hukuliona wala hukuliuliza.”

Kisha Lea akanyoosha mkono. “Na kidole, babu?”

“Hiki?” Babu akauinua mkono wa kushoto juu, kila mtu auone. “Kilikatwa na upanga wa Mjerumani. Siku ile ile.”

Bibi, aliyekuwa mlangoni, akaacha kumimina togwa.

“Baba Yotamu,” akasema taratibu, “si ulijikata mwenyewe ukichanja kuni, mwaka wa nzige?”

Babu akaurudisha mkono ndani ya mgolole, akaomba togwa.