Mianzi ya Lorraine

Jumamosi hiyo duka la vifaa vya sakafu la Marshalltown, Johannesburg, lilijaa hadi mlangoni. Lorraine, Mkenya aliyefanya kazi benki, alikuwa na gauni la njano na viatu virefu. Alimgusa mkono mwanamume wa kwanza mwenye vumbi la mbao kwenye shati.

"Kaka, sakafu ya mianzi inafaa nyumbani?"

Emery hakuwa muuzaji. Alikuwa fundi wa sakafu, mtu wa Bukavu, Kongo, aliyekuja kununua gundi. Lakini macho ya Lorraine yalimnasa palepale.

"Iko muzuri sana, dada. Inakomaa miaka mitano tu, miti mingine inangoja makumi. Iko nguvu, na bei haiumi kama mbao ngumu."

"Na ubaya wake?"

"Viatu vyako vitaikwaruza. Na jua linaipausha."

"Basi nitavivua mlangoni."

Kuhusu maji hakusema neno. Aliogopa akiongeza kasoro nyingine dada atanunua vigae, naye hatamwona tena. Mwanamume akipenda, akili humtoka hivyo.

Lorraine akanunua mianzi, akampa Emery kazi. Mbao zililazwa wiki nzima katika nyumba yake mtaani Bertrams zizoee hewa kavu kabla ya kutandikwa, na Emery alipita kila siku kuzitazama, ingawa kupita mara moja kungetosha. Kisha zikaanza simu.

"Umekula, chérie wangu?"

"Unaniuliza mimi au mianzi?"

Miezi minne baadaye mama yake Lorraine alikuja kutoka Nyeri kuiona nyumba na huyo mwanamume. Mama hakuwahi kuanza siku bila kupiga deki. Alfajiri alifunga leso kiunoni, akamwaga ndoo nzima ya maji ya sabuni sebuleni. Emery akaingia, amepita kuwasalimu kabla ya kwenda kazini.

"Maman, hapana! Unaharibu!" Akampokonya ndoo.

Lorraine alitoka chumbani akiwaka. "Unamfokea mama yangu?"

"Mianzi inakunywa maji, inavimba!"

"Mbona hukuniambia dukani?"

"Eish... niliogopa hautanunua."

"Ulinificha upate kazi!"

"Nikupate weye."

"Toka, Emery."

Kwa siku kumi Lorraine hakupokea simu za Emery. Mbao za karibu na jikoni zikavimba na kuinuka, naye alizitazama akilia. Alimpenda, ila hakujua mtu huyu ameficha mangapi mengine. Hatimaye mama mwenyewe akampigia Emery.

"Kijana, njoo urekebishe hii sakafu. Na pole kwa ile ndoo."

Emery alikuja, akang'oa mbao zilizoharibika, akaweka vigae upande wa jikoni na kuiacha mianzi pakavu. Alipomaliza alifuta mikono kwenye suruali.

"Lorraine, nataka kukuoa. Ngoja, usijibu, sikia kwanza kasoro zangu. Mi nakoroma. Niko na hasira ya haraka, maman aliiona. Na... niko na mutoto Bukavu. Chloé, miaka saba. Mama yake alifariki. Niliogopa kukuambia."

Mama akageukia dirisha. Lorraine alikaa sakafuni, miguu peku. Alikasirika kwelikweli, na papo hapo akapata nafuu: safari hii Emery amesema mwenyewe, bila kuulizwa.

"Miezi minne yote hukumtaja?"

"Sikumtaja."

"Kuna lingine?"

"Hakuna. Hiyo ndiyo ya mwisho."

Lorraine aliinuka, akampa simu yake.

"Chumba cha nyuma bado hakina sakafu," alisema. "Mpigie Chloé sasa hivi, nimuulize chumbani mwake anataka zulia au mianzi."